Kazi Ni Kurudi

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, maana hadithi ya leo ni ndefu, na ndani yake mna bahari, mna theluji, na mna mtoto wa kibarua aliyekuwa akifukuzwa kila alipokaribia ndege. Kabla sijamfikia mtoto huyo nina swali. Rubani wa kivita anaruka kutoka kwenye meli iliyo katikati ya bahari, anakwenda vitani, kisha anarudi. Kipi kinamtoa jasho zaidi: vita au kurudi?

Wengi mtasema vita, na siwalaumu. Lakini marubani hao wakikutana na kuanza kupiga soga, hawachelewi kuingia kwenye habari za kutua. Uwanja wa ndege wa nchi kavu, hata uwe mdogo kiasi gani, utaukuta palepale ulipouacha. Meli haina tabia hiyo. Ulipoondoka ilikuwa hapa, ukirudi imeshahamia kule, na bado inakwenda. Mawimbi yanaipandisha na kuishusha. Usiku taa zake ni chache, maana haitaki kuonekana na adui. Mafuta yako yanapungua, na chini hakuna shamba wala barabara, ni maji tu mpaka upeo wa macho. Ndiyo maana mafunzo yote ya rubani wa jeshi la majini, ukiyakamua, sehemu kubwa inayobaki ni kumfundisha kurudi.

Mtu wa kwanza kulijaribu jambo hili alikuwa Mmarekani, Eugene Ely. Tarehe 14 Novemba 1910 aliruka kutoka kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu ya manowari iitwayo USS Birmingham. Ndege ilishuka badala ya kupanda, ikagusa maji, naye akaishikilia mpaka ikafika ufukweni. Hilo lilikuwa kuondoka. Kurudi alikujaribu tarehe 18 Januari 1911 katika ghuba ya San Francisco, kwenye meli ya USS Pennsylvania. Mabaharia walitandika kamba kukingama jukwaa, na kila kamba ncha zake wakazifunga mifuko ya mchanga. Chini ya ndege wakaweka kulabu. Ely mwenyewe alijizungushia mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli mwilini, ili akianguka majini aelee. Kulabu zikanasa kamba, mifuko ikaburuzika, ndege ikasimama. Akala chakula cha mchana na wenyeji wake, kisha akawasha injini na kuondoka zake. Kamba na kulabu! Zaidi ya miaka 110 imepita na kanuni ni ileile, isipokuwa kamba sasa ni waya nene za chuma na mifuko ya mchanga imepisha mitambo mikubwa iliyo chini ya sitaha. Ely hakuyaona hayo. Alikufa Oktoba mwaka huohuo wa 1911 katika maonyesho ya ndege huko Macon, Georgia.

Ila Pennsylvania ilikuwa imetia nanga. Aliyetua wa kwanza kwenye meli inayokwenda ni Mwingereza, Edwin Dunning, tarehe 2 Agosti 1917, kwenye HMS Furious. Ndege yake ilikuwa nyepesi, na meli ilikuwa ikikata upepo kwa kasi, kwa hiyo ndege ikawa kama imesimama hewani juu ya sitaha. Wenzake wakaikimbilia, wakaidaka kwa mikono na kuivuta chini. Siku tano baadaye akarudia. Safari hiyo ndege ilivuka ukingo ikaanguka baharini, naye akafa maji. Alikuwa na miaka 25.

Sasa tumfuate huyo mtoto wa kibarua.

Jina lake Jesse LeRoy Brown. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1926 mjini Hattiesburg, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa mwalimu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa ghala, na kazi ilipokatika akawa anahamahama na familia akitafuta riziki. Nyumbani hakukuwa na maji ya bomba, na watoto walifanya kazi kwenye mashamba ya mahindi na pamba. Huko Mississippi, siku zile, mtu mweusi alikuwa na shule yake, bomba lake la kunywea maji na kiti chake nyuma ya basi, na ole wake akijisahau. Jesse alikuwa na miaka sita baba yake alipompeleka kuangalia maonyesho ya ndege. Kwisha habari. Tangu hapo kila akipata nafasi alikwenda kwenye kiwanja cha vumbi kilichokuwa karibu na kwao kutazama ndege, na fundi mmoja pale akawa na kazi ya kumfukuza. Alifukuzwa, akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi.

Mwaka 1937, akiwa bado mtoto wa shule, aliandika barua Ikulu ya Marekani kwa Rais Roosevelt, akilalamika kwamba jeshi linawanyima watu weusi nafasi ya kuwa marubani. Ikulu ikamjibu kwa adabu kwamba imepokea maoni yake. Ninyi mnaoogopa kumwandikia hata mwalimu mkuu, mpo?

Alipomaliza sekondari mwaka 1944 alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State kusomea uhandisi wa majengo. Karo haikujilipa. Alikuwa akipakua mizigo kwenye mabehewa ya reli kuanzia saa 9:30 alasiri hadi saa 6 usiku, asubuhi yuko darasani. Hapo chuoni ndipo alipoona nafasi za kujifunza urubani katika jeshi la majini, akaomba. Walimkatisha tamaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mweusi aliyewahi kuyamaliza mafunzo hayo. Mwaka 1946 akaandikishwa, na mwaka uliofuata akapelekwa Pensacola, Florida, mji ambao hadi leo ndio mlango wa marubani wa majini wa Marekani. Sheria ilikataza mwanafunzi kuoa kabla ya kumaliza. Jesse akamwoa mchumba wake Daisy kwa siri, siri ambayo ingejulikana ingemrudisha kwao bila mjadala. Tarehe 21 Oktoba 1948 akavishwa beji ya mbawa za dhahabu. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuyamaliza mafunzo hayo ya jeshi la majini.

Ndege aliyopewa iliitwa Corsair, na hapa nitakawia kidogo, maana bila kuijua Corsair hutaelewa ugumu wa kazi yake. Ilikuwa ya injini moja, na injini yenyewe kubwa ajabu, imewekwa mbele ya rubani, kwa hiyo pua ya ndege ilikuwa ndefu kupita kiasi. Rubani akiinua pua ili kutua, pua hiyo inaificha meli yote. Haoni kitu. Ilibidi aijie meli kwa kuzunguka, akikata kona upande wa kushoto, ili aendelee kuiona sitaha kwa pembeni mpaka dakika ya mwisho kabisa. Nyuma ya sitaha alisimama afisa mwenye vibao viwili vya rangi mikononi. Akiinua mikono, maana yake uko juu. Akiishusha, uko chini. Akivipunga vibao juu ya kichwa, ondoka, zunguka, jaribu tena. Akipitisha kibao shingoni, zima moto utue sasa hivi. Rubani alimtazama yule mtu mwenye vibao kuliko alivyoitazama meli.

Na meli za wakati ule sitaha yake ilikuwa moja iliyonyooka. Ndege zilizokwisha kutua ziliegeshwa mbele, na kati yao na wewe unayetua ulitandikwa uzio wa waya na nyavu. Ndoano yako ya mkiani ikikosa waya, unaishia kwenye uzio. Ukiuruka uzio, unaziangukia ndege za wenzako, zenye mafuta, zenye watu. Jesse Brown alikuwa akitua hivyo kwenye meli ya USS Leyte, na wenzake walimjua kuwa rubani mtulivu.

Waliokuja kupunguza ajali hizo ni Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa mawazo mepesi ambayo ukiyasikia unajiuliza kwa nini hayakuja mapema. Dennis Cambell alisema: sehemu ya kutulia tuipindishe kidogo, ielekee kushoto. Basi. Ndege ikikosa waya inapita upande, hakuna kitu mbele yake ila bahari na anga, inaruka tena. Leo sitaha za meli kubwa zimepinda nyuzi karibu 9. Mwenzake Nicholas Goodhart akafikiria kioo: ukiweka kioo pembeni mwa sitaha na kukimulika, rubani atajionea mwenyewe kama yuko juu au chini, bila kusubiri vibao. Inasimuliwa kwamba alilijaribu wazo lake ofisini kwa kioo kidogo cha mkononi na lipstiki ya katibu muhtasi wake. Mwingereza wa tatu, Colin Mitchell, akaleta manati inayosukumwa na mvuke.

Manati mnaijua ninyi, wapiga ndege. Ya melini imefichwa chini ya sitaha, unaona mfereji mwembamba tu. Gurudumu la mbele la ndege linafungwa kwenye kishikio, injini inatiwa moto mpaka mwisho, na ndege inatetemeka hapohapo ilipo. Rubani anatikisa usukani kila upande kuhakikisha unafanya kazi, kisha anampigia saluti afisa aliyesimama sitahani. Saluti hiyo maana yake ni moja: niko tayari. Afisa anachuchumaa, anagusa sitaha, ananyoosha mkono mbele. Sekunde mbili baadaye ndege iliyokuwa imesimama inakwenda karibu kilomita 260 kwa saa, na chini yake ni maji. Kwenye ndege aina ya F/A-18 rubani haruhusiwi hata kushika usukani wakati huo. Mkono wake wa kulia unashika chuma kilicho juu, pembeni mwa kioo, ili kishindo kisije kikamfanya avute usukani bila kutaka. Kompyuta inairusha ndege, yeye anaipokea hewani.

Kuondoka, basi, ni kazi ya manati. Kurudi ni kazi yako.

Panda nami. Uko nyuma ya meli, umeshusha magurudumu, umeshusha ndoano. Umebakiwa na sekunde 15 hadi 18. Macho yana kazi ya kuzunguka vitu vitatu: taa, mstari, pembe, taa, mstari, pembe. Taa iko kushoto mwa sitaha, rangi ya manjano, katikati ya safu ya taa za kijani. Ikipanda juu ya safu, wewe uko juu. Ikishuka chini, uko chini. Ikigeuka nyekundu, uko chini mno na unakaribia kugonga kisogo cha meli. Mstari ni ule uliochorwa katikati ya njia, na kwa kuwa njia imepinda huku meli ikienda mbele, mstari unakukimbia kulia kila wakati. Pembe ni jinsi ulivyoiinua pua. Ukikosea, ndoano itaning'inia juu mno au chini mno. Kasi yako ni karibu kilomita 250 kwa saa. Waya ni nne kwenye meli nyingi za Marekani, na inayotakiwa ni ya tatu. Ni sawa na kutia uzi kwenye tundu la sindano ukiwa umepakiwa kwenye bodaboda inayopita kwenye matuta.

Redioni kuna sauti ya afisa wa kuongoza kutua. Vibao hana tena, lakini wenzake bado wanamwita kwa jina la vibao hivyo. Naye ni rubani, ametumwa na kikosi kusimama pale kwenye upepo. Anaongea kidogo sana. "Ongeza nguvu." Ukisikia hivyo, unaongeza, huulizi. Akikuwashia taa nyekundu zinazomwekamweka, unaondoka, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa unaona mambo ni mazuri.

Halafu magurudumu yanapiga chuma. Hapo ndipo wageni wote hushangaa: rubani haipunguzi injini, anaitia moto wote. Hajui bado kama amenasa. Kama ndoano imekosa, ana mita chache tu kabla ya sitaha kwisha, na injini iliyolegezwa haitamrudisha angani. Ikiwa imenasa, mikanda inamkaba mabegani na ndege inasimama ndani ya sekunde mbili hivi, injini bado ikinguruma. Mtu wa fulana ya njano anampungia: punguza moto, inua ndoano, toka njiani, mwenzako yuko nyuma.

Fulana za rangi si urembo. Kelele ya sitahani haimruhusu mtu kusikia jina lake, kwa hiyo rangi ndiyo inayosema. Njano wanaelekeza ndege. Kijani wanashughulika na manati na waya. Zambarau wanajaza mafuta. Nyekundu wana mabomu na ajali za moto. Kahawia kila mmoja ana ndege yake ya kuitunza. Bluu wanasukuma ndege na kuzifunga zisitembee. Nyeupe wanaangalia usalama, na daktari yumo humo. Wengi wao ni vijana wadogo kabisa, wengine ndio kwanza wametoka shule. Kabla ya kazi kuanza wanajipanga mstari, bega kwa bega, wanatembea sitaha nzima wakiokota kila skrubu na kila kipande cha waya, kwa sababu skrubu moja ikivutwa na injini ya jeti, injini imekwisha.

Na kila kutua kunapewa alama. Nalipenda sana jambo hili. Rubani akishuka, afisa wa kuongoza anamfuata na daftari, anamsomea mbele ya wenzake: ulianza juu, ukashuka katikati, ukanasa waya ya pili. Alama zinabandikwa ukutani kwenye ubao, kwa rangi, kila jina na mistari yake. Jina la mkuu wa kikosi limo pia. Kama ametua ovyo, hata mgeni aliyefika juzi anaona. Sijui ofisi ngapi zetu zingevumilia ubao wa namna hiyo.

Njia ya kufika huko leo ikoje? Nazungumzia Marekani, maana ndiyo yenye meli nyingi za kubebea ndege kuliko nchi yoyote, 11. Kwanza lazima uwe raia wake. Kama unanisoma ukiwa Minneapolis au Houston na kwenu mnaongea Kiswahili, maneno haya yanakuhusu moja kwa moja. Lazima uwe na shahada ya chuo kikuu, ya somo lolote, na uwe afisa kabla ya kuwa rubani. Unapimwa macho, unapimwa moyo, unapimwa hata urefu wa mikono na mapaja, kwa sababu chumba cha rubani hakitanuki kwa ajili ya mtu. Kisha unakwenda Pensacola, kama Jesse.

Kitu cha kwanza kinachowatoa watu jasho huko si hewa, ni maji. Unaogelea ukiwa umevaa suti ya rubani na viatu. Unaelea na vifaa vyote mwilini. Halafu kuna kile kibanda cha chuma kinachofanana na tumbo la helikopta: mnafungwa mikanda ndani yake, kinashushwa kwenye bwawa, kinajaa maji, kinageuka juu chini. Unasubiri kitulie. Mkono mmoja umeshika kitu ambacho hutakiwi kukiachia, maana ndicho kinachokuonyesha dirisha liko wapi. Wa pili unafungua mkanda. Ukishatoka salama, unarudia ukiwa umefunikwa macho. Wapiga mbizi wako majini wanakuangalia, lakini pua yako haijui hilo.

Baada ya hapo ni ndege ndogo ya rafadha, T-6, viti viwili, mwalimu nyuma. Mkimaliza mnagawanywa: wengine helikopta, wengine ndege kubwa za doria, wengine jeti. Unaandika unachopenda, lakini alama zako na mahitaji ya jeshi ndivyo vinavyoamua. Wa jeti wanakwenda Kingsville, Texas, au Meridian, Mississippi, kuruka T-45. Kwa miongo mingi mwanafunzi alilazimika kutua melini kabla ya kupewa mbawa zake, tena peke yake, kwani hakuna mwalimu aliyependa kukaa nyuma siku hiyo! Siku hizi ndege mpya za kivita zina kompyuta inayomsaidia rubani kushika njia ya kutua, na jaribio hilo limesogezwa mbele, kwenye kikosi anakokwenda kujifunza ndege yake ya kudumu. Kabla ya kugusa meli, anapiga mazoezi ya kutua nchi kavu, usiku na mchana, kwenye njia iliyochorwa ukubwa wa sitaha.

Akishazoea kikosini, wenzake wanampa jina. Msitegemee majina ya simba na radi. Jina mara nyingi linatoka kwenye upuuzi aliowahi kuufanya, na akilikataa ndio linamganda. Kuhusu malipo ya mafunzo hayo yote, atayalipa kwa utumishi: takriban miaka 8 tangu siku ya kuvishwa mbawa.

Mtauliza sisi wa huku tunahusika wapi. Kenya wala Tanzania hazina meli kama hizo. Jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, India, anazo mbili, na moja, INS Vikrant, ameijenga mwenyewe Kochi na kuizindua jeshini Septemba 2022. Lakini bahari yetu imeziona meli hizi zamani. Mwaka 1942, Wajapani waliposhambulia Ceylon kwa ndege kutoka melini, Waingereza walizirudisha manowari zao nyuma hadi Kilindini, Mombasa, zikiwemo meli za kubebea ndege. Tanga palikuwa na kiwanja cha marubani wao wa majini, nao wakakiita HMS Kilele.

Na kuna asubuhi ya tarehe 25 Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wameasi siku chache kabla, na Mwalimu Nyerere, kwa shingo upande, akaomba msaada wa Uingereza. Meli ya HMS Centaur ikaja hadi nje ya Dar es Salaam. Kulipopambazuka, helikopta ziliruka kutoka kwenye sitaha yake zikiwa na makomando, zikatua kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Jeshi lile likavunjwa, na mwaka huohuo likazaliwa JWTZ. Kwa hiyo wapo wazee wa Dar walioamshwa na ndege za melini.

Nawaambia hayo makusudi, kwa sababu ukimsikiliza mtu anasifia manati na waya unaweza kusahau ndege hizo zinakwenda kufanya nini. Zinabeba mabomu. Anayetaka kazi hiyo na alifikirie hilo akiwa bado nchi kavu.

Jesse Brown alilikuta katika vita vya Korea. Tarehe 4 Desemba 1950 yeye na wenzake watano waliruka kutoka Leyte kwenda kwenye milima ya ziwa la Chosin, ambako maelfu ya wanajeshi wa Marekani walikuwa wamezingirwa na jeshi la China. Walikuwa wakiruka chini sana. Mmoja wao akaona Corsair ya Jesse inavuja. Huenda ilipigwa risasi kutoka chini. Injini ikaanza kufa, na hakuwa na kimo cha kutosha kuruka kwa mwavuli. Akaiangusha ndege kwenye uwazi wa theluji, mlimani. Wenzake walidhani amekufa, mpaka walipomwona akipunga mkono. Lakini hakutoka. Ndege ilikuwa imejikunja na kumbana mguu, na moshi ulikuwa ukitoka mbele.

Thomas Hudner, rubani mzungu kutoka familia yenye mali huko Massachusetts, hakungoja. Aliishusha Corsair yake mwenyewe kwa tumbo, magurudumu ndani, makusudi, kwenye mlima uleule. Akamfunika Jesse kichwa na mikono kwa baridi, akawa anachota theluji kwa mikono na kuitupia injini. Helikopta moja ikafika, rubani wake Charles Ward akaleta shoka. Walipiga kwa muda mrefu, chuma hakikukubali. Jesse alikuwa akipoteza fahamu na kurudi. Alimwomba Hudner ampelekee Daisy salamu za mapenzi yake. Giza lilikuwa linaingia, na helikopta ile haikuweza kuruka usiku. Wakamwacha. Alikuwa na miaka 24 na binti mdogo nyumbani.

Hudner alivishwa Nishani ya Heshima na Rais Truman Aprili 1951, Daisy akiwa hapo. Mwaka 2013, akiwa mzee wa karibu miaka 89, alisafiri hadi Korea Kaskazini kwenda kutafuta mabaki ya mwenzake. Mvua zilikuwa zimekata barabara za milimani, akarudi mikono mitupu. Alifariki mwaka 2017. Jeshi la majini liliwahi kuwa na manowari yenye jina la Jesse L. Brown, na tangu Desemba 2018 lina nyingine yenye jina la Thomas Hudner.

Wanawake walisubiri zaidi. Wa kwanza walivishwa mbawa mwaka 1974. Tarehe 31 Julai 2020, Kingsville, Texas, akavishwa Madeline Swegle, mwanamke mweusi wa kwanza katika jeshi hilo kuwa rubani wa jeti za kivita. Kutoka hapo alipangiwa Whidbey Island, jimbo la Washington, kujifunza Growler, ndege ya viti viwili ambayo kazi yake kubwa ni kuzivuruga rada za adui. Inaruka kutoka melini kama nyingine, na inarudi melini kama nyingine. Na kila inaponasa waya, kuna mtu anakuja na daftari.